Ziwa Moja Nililoligeuza Mawili

Nyinyi mnaoanza kuongoza matembezi ya Jumamosi, nawasalimu. Ofisini wameniomba niwaandikie ukurasa mmoja, eti niwaachie ujuzi wangu. Nimekaa mezani siku tatu. Kila nikitafuta ujuzi, nakutana na kosa. Basi nimeamua kuwaandikia makosa, ujuzi mtauokota humo humo njiani. Na ukurasa mmoja haukutosha, mnisamehe.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu nje wakati wa baridi. Mnakijua chama chetu: kuanzia Novemba hadi Machi tunawachukua wageni na wazee kwenda kutembea katika misitu inayoizunguka Stockholm, tunatoka asubuhi na kurudi giza linapoingia, yaani saa tisa alasiri. Nilipomweleza ndugu yangu wa Voi kwenye simu kwamba nalipwa kwa kutembea kwenye barafu, aliuliza, "Na hao unaotembea nao, walifanya kosa gani?"

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa msafishaji katika jengo la ofisi zetu. Asubuhi moja nilianguka mara tatu pale wanapoegesha magari, ndoo mkononi. Mara ya tatu dirisha likafunguka, akachungulia mama mmoja mwenye nywele nyeupe. Huyo alikuwa Gunvor, aliyekuwa zamani mwalimu wa michezo, na ndiye aliyeanzisha matembezi haya.

"Wewe unajua kuanguka," aliniambia.

Nikadhani ananicheka. Nikamwambia ndoo ndiyo inayonivuta.

"Namtafuta mtu anayejua kuanguka. Sisi Wasweden hatuwezi kumfundisha mtu kutembea kwenye barafu. Hatukumbuki tulijifunza lini."

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti langu refu la kanisani, tai, na viatu vyeusi vya ngozi nilivyovipiga rangi hadi vikang'aa. Nilikuwa nimeambiwa mimi ni kiongozi, nami nikavaa kama kiongozi. Gunvor alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Tunakwenda kumzika nani?"

"Nimekuja kazini, mama."

"Basi tutakuzika wewe."

Kwenye mteremko wa kwanza miguu ilinitangulia. Nilishuka kwa makalio, tai imepanda begani, koti linafagia theluji, mpaka chini kabisa ambako watu walikuwa wamekaa kwenye gogo wanakunywa kahawa. Hawakucheka. Walinisogezea nafasi, mmoja akanipa kikombe. Hapo nilijua nimepata watu.

Sasa sikilizeni mambo ya miguu. Soksi mbili nyembamba zinashinda moja nene. Viatu visibane, maana kidole kisipopata nafasi ya kucheza ndani kitaganda. Kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, uzito wote uwe juu ya mguu wa mbele. Vaeni vile vyuma vya kuvalisha chini ya viatu, ambavyo Wasweden huviita broddar, lakini mvivue kabla ya kuingia kituo cha treni. Mimi niliingia navyo mara moja kwenye sakafu ya mawe ya kituo cha Slussen, nikateleza hadi kwa mwenye duka la maua. Nilinunua maua ili nionekane nilikuwa nakwenda kwake.

Jambo la pili ni salamu. Watu wetu wanatoka Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi, na kila mmoja lazima amjulie hali kila mmoja: nyumbani, watoto, mgonjwa wa juzi, yule aliyesafiri. Watu kumi na wawili wakisalimiana hivyo nje, nyuzi kumi chini ya sifuri, kabla hawajamaliza wa kwanza ameshapoteza masikio. Nilijaribu kuwakataza. Nilichukiwa wiki nzima. Kisha nikahamishia salamu ndani ya kituo, karibu na lifti, nikawa nawaambia tukutane nusu saa mapema. Wasweden wanaopita hudhani ni msiba au harusi. Waacheni wadhani.

Chakula nacho hakina ubishi. Gunvor alikuwa akibeba maandazi yake ya mdalasini, moja kwa kila mtu, na chupa ya kahawa. Jumamosi ya kwanza na watu wetu, mama mmoja alifika anavuta kile kigari cha watoto cha kuteleza kwenye theluji, juu yake sufuria ya pilau imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Gunvor alikula sahani tatu. Hakubeba maandazi tena maisha yake yote.

Huyo Gunvor, kabla hajastaafu, aliniachia maagizo mawili tu. La kwanza, njia nitakayowapitisha watu Jumamosi niipite peke yangu Ijumaa. La pili, nikipotea niseme. La kwanza niliona ni gumu, maana Ijumaa kuna baridi na kuna televisheni. La pili niliona ni jepesi. Niliyavunja yote mawili, tena kwa matembezi ya siku moja.

Nawaeleza siku hiyo.

Kulikuwa na mama wa Tanga, Bi Rehema, mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyekuja kuishi mtaa wa Rinkeby, hapa Stockholm, na mwanawe Hamisi. Kwa majira matatu ya baridi alikuwa hatoki nje, anaogopa kuanguka. Hamisi, ambaye anaendesha basi na ana roho nzuri ila ana haraka, akaamua kwamba mama hawezi baridi na arudi Tanga kwa dada yake. Bi Rehema hakutaka. Wajukuu wake wako hapa. Basi alijiandikisha kwetu, akaja na mjukuu wake Zuhura, binti wa Hamisi, aliyezaliwa hapa na anasomea uuguzi, na akaweka masharti na mwanawe mbele yangu.

"Jumamosi hii tunatembea kutoka ziwani hadi kituo cha treni cha Fisksätra," alisema. "Kilomita saba. Nikifika kituoni kwa miguu yangu, habari ya Tanga ife."

"Ukifika, sitaitaja tena," Hamisi alisema. "Nitakungoja pale kituoni saa nane. Usipofika, nakata tiketi." Kisha akanigeukia. "Mzee Mwadime, namkabidhi kwako."

"Ondoa shaka," nilisema. Nilikuwa mwepesi wa kusema hivyo.

Ijumaa ikanyesha theluji ya kutisha, upepo unaipiga pembeni. Nilikaa nyumbani. Nilijiambia kwamba njia ile nimeipita mara nyingi, nayo haijahama.

Jumamosi tukaanzia kwenye ziwa moja upande wa Nacka, lenye sauna ukingoni. Hapo Wasweden hukaa ndani ya joto mpaka waive, kisha hutoka mbio bila nguo na kujitosa kwenye tundu walilolikata katika barafu. Tulipopita, mlango ulifunguka akatoka bwana mmoja mnene. Alivaa kofia ya sufu nyekundu, na zaidi ya kofia hakuwa na kitu. Bi Rehema alijifunika mtandio uso wote akawa anaongozwa na Zuhura kama kipofu.

"Ameshapita?"

"Bado, Bibi. Anashuka ngazi polepole."

"Kwa nini polepole? Hana haya?"

"Kuna utelezi."

Papa Kasongo, mzee wa Lubumbashi ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, alivua kofia yake kumsalimu yule bwana. "Bonjour, monsieur," alisema, kwa heshima zote.

Tukaingia msituni. Njia zetu zina alama za rangi ya chungwa kwenye mashina ya miti. Sasa hili liwekeni moyoni: upepo ukipiga theluji pembeni, huganda kwenye shina upande mmoja na kuficha alama. Ukifika mahali huoni rangi, usiendelee. Pita ule mti, geuka nyuma, uutazame mgongoni. Alama ya wanaotoka upande wa pili itakuwa wazi, nayo itakuonyesha njia. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelifundisha. Siku hiyo nilikuwa nasimulia jinsi nilivyoteleza hadi kwa mwenye maua, watu wanacheka, sikugeuka. Ile njia ya kwenda Fisksätra inakata kushoto. Sisi tukashika kulia, na kulia ni kulizunguka ziwa.

Baada ya nusu saa Zuhura alisema kwa sauti ndogo, kwa Kiswidi, kwamba tunakosea njia. Simu yake ilikuwa mkononi, yenye ramani.

"Nyamaza," bibi yake alimwambia. "Mzee anajua anachofanya."

Nilisikia. Na niwaambie ukweli, tayari nilikuwa na wasiwasi. Lakini mnatujua sisi. Mtu mzima akitangulia, walio nyuma hawamsahihishi. Watamfuata hata kama anaelekea baharini, na akiloa watamwambia maji ya leo si mabaya. Gunvor alipokuwa akipotea, Wasweden wenzake walimpigia kelele papo hapo, yeye akacheka, wakageuka. Kwetu ni mimi peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya kusema nimepotea, nami sikuitumia.

Baada ya saa mbili miti ikafunguka. Mbele yetu kulikuwa na ziwa, na ukingoni sauna. Mlango ukafunguka, akatoka bwana mnene mwenye kofia nyekundu.

Kundi zima likasimama.

"Papa guide," Papa Kasongo alisema taratibu, "ule mutu si wa asubuhi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Kituo cha basi kilikuwa hatua mia mbili. Ningesema nimekosea, tungecheka, ningempigia Hamisi simu, tukapanga siku nyingine, na Bi Rehema asingedaiwa lolote. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema:

"Hapana. Hili ni ziwa lingine. Huku kila ziwa lina sauna yake."

"Na kofia?"

"Kofia zile ni kama sare."

Papa Kasongo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefundishwa jambo. Zuhura alitazama angani. Bi Rehema safari hii hakujifunika. Alimtazama yule bwana vizuri tu, akanitazama mimi, kisha akavuta mtandio.

"Mwenyezi Mungu ana mapacha wengi," alisema. "Haya, twendeni."

Tukaanza kuzunguka mara ya pili, tukipita kwenye nyayo zetu wenyewe. Nilipoona Papa Kasongo ameanza kukanyaga kwa uangalifu ndani ya alama za viatu vyake mwenyewe, nilimwambia kwamba inaonekana kuna kundi lingine limetutangulia.

"Ndiyo," alijibu. "Na mmoja ana kiatu kama changu. Kisigino kimekatika hapa hapa."

Tulipofika tena kwenye ule mti wa njia panda, ambao asubuhi sikuugeukia, Zuhura aliegemea shina kana kwamba amechoka, akapangusa theluji kwa glavu yake. "Nej men, tazameni," alisema, akijifanya kushangaa kwa Kiswidi, "kuna alama hapa." Yule binti alikuwa amelibeba kosa langu kwenye glavu yake ili mimi nisiaibike, nami nikajibu, "Naam, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta." Tukakata kushoto.

Simu ya Zuhura ikalia. Alikuwa Hamisi, yuko kituoni, saa nane imepita, tuko wapi? Zuhura alinitazama.

"Mwambie tunakaribia," nilisema.

Hatukuwa tunakaribia. Giza lilianza kuingia, na goti la Bi Rehema likaanza kuvimba. Hakulalamika. Alikuwa akitembea kama bata, vile nilivyomfundisha, akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Tulipoziona taa za maghorofa ya Fisksätra, na treni tukaisikia, alisimama. Alijaribu kuuinua mguu wa kulia. Haukuja. Akatoa kigodoro cha kukalia alichokibeba mkobani, akakiweka juu ya jiwe, akakaa na kukunja mikono mapajani. Nakadiria zilibaki hatua mia tatu.

"Bibi, kidogo tu," Zuhura alimbembeleza.

"Mguu umekataa, mwanangu. Mie nataka, wenyewe umekataa."

Hamisi alitoka kituoni akatufuata kwa tochi ya simu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama, si nilikwambia? Kilomita saba tu." Akanigeukia. "Zilikuwa saba, au sivyo, mzee?"

Zuhura alifungua kinywa. Nilimwona bibi yake akimfinya mkono.

"Saba," nilisema.

Hamisi akambeba mama yake mgongoni hadi kwenye gari. Bi Rehema alichukua aibu yote akaondoka nayo, na mimi nikapanda treni nikiwa na heshima yangu nzima.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Nilijiambia ni goti. Ya tatu, tukiwa tunakunywa chai porini, Papa Kasongo alikuja kukaa karibu nami.

"Mama wetu wa Tanga anarudishwa," alisema. "Bilete imeshanunuliwa. Mtoto wake anasema, mutu akishindwa kilomita saba, hakuna la kubishana."

Alimimina chai yake iliyobaki kwenye theluji.

"Ni ile saba yako, papa," alisema. Akainuka akaenda kukaa na wengine.

Sikungoja hata nifike nyumbani kubadili nguo. Nilishuka Rinkeby na viatu vyangu vya msituni, nikabonyeza kengele. Hamisi alifungua, akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Niliona vibaya kuitikia marahaba, lakini niliitikia. Bi Rehema alikuwa jikoni, mlango wazi. Sikukubali kukaa.

"Hamisi, jioni ile nilikudanganya. Hazikuwa saba. Nilipotea, nikawazungusha ziwa zima, tukarudi tulipoanzia. Badala ya kusema, niliwaambia ni ziwa lingine, tukaanza upya."

"Ziwa lipi lingine?"

"Hakuna. Ziwa ni moja."

Hamisi alikunja uso kama anayesoma ramani iliyopinduliwa. "Ngoja. Na watu walikubali?"

"Walinistahi."

Zuhura alikuwa ameshatoka chumbani, simu mkononi. "Imeandikwa humu. Bibi alinikataza kusema. Alisema hili ni la mzee, atalileta mwenyewe." Akamwonyesha baba yake. "Kumi na tatu na nusu."

"Kwenye barafu?"

"Kwenye barafu. Na mlima."

Hamisi alikaa kwenye kochi, akitazama ile simu. "Mimi kutoka kwenye basi hadi kwenye lifti nahema," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Jikoni kijiko kikaacha kukoroga. Bi Rehema alitokea mlangoni, birika mkononi, akichechemea kidogo.

"Kumi na ngapi?"

"Na tatu, mama," Hamisi alisema.

"Na nusu, Bibi," Zuhura alisema.

"Usimnyime mtu nusu yake, Hamisi. Goti langu linaijua." Aliweka birika mezani. "Mie nilijua tumetembea zaidi ya saba. Sikujua kama ni hivyo."

"Tiketi nitairudisha," Hamisi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Usiirudishe. Nitakwenda Tanga mwezi mmoja, nikawasimulie. Ila kata na ya kurudi, nifike hapa kabla barafu haijayeyuka."

Hamisi alisema ataikata jioni hiyo hiyo. Kisha Bi Rehema akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimesimama kwenye kapeti lake na theluji inayeyuka viatuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi.

"Na wewe, baba," alisema, "wiki tatu umekaa na kilomita zangu mfukoni?"

Alivuta kiti, akanionyesha nikae. Akammiminia Hamisi chai, akammiminia Zuhura, akajimiminia mwenyewe hadi ukingoni. Mimi alinipa nusu kikombe. Nikainywa, wala sikuomba nyingine.